Shingo ya Kitinda

Katika chuo kimoja cha uuguzi kulikuwa na mwalimu ambaye wanafunzi walimwita Mama Midoli, naye hakukasirika, maana jina lilikuwa la kweli tupu. Alikuwa mkunga wa wodi kwa miaka mingi, mpaka magoti yakagoma, ndipo akapewa chumba cha mazoezi mwisho wa veranda, chenye vitanda viwili vilivyochoka na wagonjwa wasiojua kulalamika. Kulikuwa na bwana mzima wa plastiki asiye na mguu mmoja, wanafunzi wakimwita Mstaafu. Kulikuwa na mkono mtupu uliolazwa juu ya taulo, wa kujifunzia kuchoma sindano, umetobolewa mpaka ukawa chujio. Na kulikuwa na mtoto mchanga aliyeitwa Kitinda, kwa sababu ndiye aliyefika mwisho na ndiye aliyedekezwa.

Kitinda ndiye aliyekuwa mtihani. Ndani ya kifua chake mlikuwa na puto dogo. Ukimfunika pua na mdomo vizuri kwa barakoa, ukaminya mfuko wa hewa, kifua kiliinuka. Kikiinuka umefaulu. Kisipoinuka umeua, na Mama Midoli hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. "Umeua. Rudia," angesema, akakunja mikono. Watu wazima wenye watoto wao nyumbani walitoka mle ndani wanafuta machozi kwa ajili ya mdoli. Wenye maduka ng'ambo ya barabara walisikia habari hizo wakacheka mpaka basi. Acha wacheke, hawajawahi kushika mtoto asiyelia.

Sasa huyo Kitinda alianguka. Mwanafunzi mmoja alimtoa kabatini kwa haraka, akamponyoka, shingo ikakatika kwenye sakafu ya saruji. Mama Midoli aliomba mwingine, akaambiwa asubiri, na kila mtu pale chuoni alijua kusubiri kule maana yake nini. Basi akamfunga kwenye shuka, akaenda naye nyumbani kwa mumewe, fundi viatu mwenye meza yake ya kazi chini ya dirisha la jikoni.

"Baba, mjukuu wako kavunjika shingo," alisema, akamlaza mdoli katikati ya visigino na nyundo.

Mzee aliruka karibu aangushe kiti. Alipoona ni plastiki alimtazama mkewe kwa hasira ya uongo. "Utaniua na presha, wewe mwanamke."

Lakini kazi aliifanya kwa moyo wote. Alishona kwa uzi wa kushonea viatu vya askari, akazungushia mpira wa soli, akamimina gundi kama hana kesho. Ikawa shingo ya kuaminika. Ungeweza kumning'iniza Kitinda kwa miguu na kichwa kisitikisike. Tangu hapo kila jioni mzee aliuliza, "Kitinda hajambo?" na mkewe akajibu, "Hajambo, ila wanaye wanafunzi wasio na huruma." Walicheka hivyo wawili hao, watoto wao wakiwa wameshaoa na kuolewa mbali.

Tatizo la ile shingo lilikuwa moja tu, na hakuna aliyeliona. Ilikuwa ngumu. Ukilaza kichwa kama inavyotakiwa, uso ukitazama juu na kidevu kimeinuka kidogo tu, njia ya hewa ndani ya mpira ule ilikunjika, na kifua kikabaki kimelala. Ili hewa ipite ilibidi ukirudishe kichwa nyuma sana, kidevu kielekee dari. Ukutani palikuwa na picha inayoonyesha mkao ulio sawa, na Mama Midoli aliieleza kila muhula. Lakini picha haina alama za mtihani. Kifua ndicho kilichokuwa nazo, na vidole vya wanafunzi vikamfuata mwenye alama.

Miongoni mwao alikuwa binti wa dereva wa lori, mrefu, mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, waliyemwita Chapuchapu. Kwa Kitinda hakuwa na mpinzani. Alimfufua huku akisimulia ugomvi wa majirani zake, na kifua kikapanda na kushuka kama kawaida. Siku alipopangiwa chumba cha kujifungulia, Mama Midoli alikwenda kumtazama, akasimama kando ya meza ya mtoto, mikono mgongoni.

Mikono mgongoni ilikuwa sheria yake mwenyewe. Mwalimu akigusa, alisema, mwanafunzi anageuka mtazamaji. Kwa hiyo mwalimu aume meno, atazame, na la kusema aliseme mwisho.

Mzazi wa asubuhi ile alikuwa msusi, mimba yake ya kwanza, amemng'ang'ania dada yake mkono mpaka vidole vya dada mtu vimekufa ganzi. Alisukuma vizuri, bila makelele. Mtoto akatoka. Alitoka mlegevu, mikono inaning'inia, rangi ya kijivu, na hakulia.

Sista wa zamu alikata kitovu akampitisha haraka. Hapohapo akageuka, maana chini ya mzazi damu ilikuwa inatiririka kuliko alivyopenda. "Huyo ni wenu!" alisema bila kutazama nyuma, akaanza kumkanda mzazi tumbo na kuagiza dawa.

Chapuchapu alimkausha mtoto, akamsugua mgongo kwa taulo. Sawa kabisa. Kimya. Akambadilishia taulo, akamlaza chali, akamfunika pua na mdomo kwa barakoa, akakirudisha kichwa nyuma, akaminya.

Kifua hakikuinuka.

"Mbona halii?" mzazi akauliza.

"Atalia, mdogo wangu," dada mtu akasema. "Wengine huanza na uvivu." Lakini alikuwa anatazama kule mezani.

Mama Midoli alibana vidole mgongoni. Kifua kisipoinuka, mwanafunzi anatakiwa arekebishe kichwa, kisha barakoa. Ndivyo alivyowafundisha. Na kweli Chapuchapu alirekebisha kichwa. Alikirudisha nyuma zaidi, akaminya. Kifua kikabaki kimelala. Midomo ya mtoto ilikuwa inazidi kuwa ya bluu. Binti akauma mdomo wake, kijasho chembamba kikamtoka juu ya nyusi, akakivuta kile kichwa nyuma tena mpaka kidevu kikaelekea dari na ile shingo changa ikanyooka kama uzi.

Hapo Mama Midoli akautambua ule mkono. Mwanafunzi wa kwingine angekosea vingine, angeacha barakoa ikavuja au angeminya kwa pupa. Hii ya kuvuta kichwa nyuma kwa nguvu, kwa kujiamini, huku ukingoja kifua kitii, ilitoka chumbani kwake. Kwa Kitinda, pale ndipo hewa ilipopita. Kwa mtoto wa nyama na damu, pale ndipo njia inapojifunga.

"Nipishe," alisema.

Chapuchapu hakusikia. Alikuwa anaminya tu. Mama Midoli akamshika kiwiko akamsogeza. Akakunja kitambaa akakitia chini ya mabega ya mtoto, akakirudisha kidevu chini mpaka uso ukatazama juu, akaibana barakoa kwa mikono miwili.

"Minya."

Binti akaminya. Kifua kikainuka, kidogo sana.

"Tena. Usikimbie. Tena."

Aliweka vidole viwili kwenye kikonyo cha kitovu. Mapigo yalikuwepo, yameachana sana, ya kuviziwa. Minya. Minya. Yakaanza kukaribiana. Rangi ikaanza kupanda kutoka kifuani kwenda usoni. Kisha mtoto akakohoa, akakunja uso kwa hasira, akatoa kilio kibovu chenye mikwaruzo, na dada mtu akaketi sakafuni palepale akaanza kucheka na kulia.

Damu ya mzazi ilikata. Sista akapumua. Watu wakamshukuru Mwalimu, wakamshika mikono, msusi akaahidi kumsuka bure maisha yake yote. Mama Midoli alitabasamu inavyopasa. Wote mle ndani walikuwa wanashangilia mtoto mmoja. Yeye alikuwa anahesabu wengine ambao hakuwaona.

Kwenye ukumbi wa wodi Chapuchapu alimfuata, macho mekundu. "Mwalimu, nilikosea wapi? Nilifanya kama kwa Kitinda."

"Najua."

"Sawasawa kabisa kama kwa Kitinda."

"Ndiyo, mwanangu. Ulifanya sawasawa kabisa." Akampigapiga bega, akaondoka.

Alijifungia chumba cha mazoezi. Akamlaza Kitinda mezani, akaweka kichwa kama kwenye picha ya ukutani, akaminya. Kimya. Akabadilisha barakoa, akaminya. Kimya. Kisha akaiacha mikono yake ifanye ilivyozoea, bila kuielekeza, na ikakivuta kile kichwa nyuma yenyewe, na kifua kikapanda vizuri mno. Akakaa kwenye kiti cha wanafunzi. Mikono yake ilikuwa na mazoea mawili, moja la watoto na moja la mdoli, na katika muda wote huo haikuwahi kumwambia. Yeye alikuwa nayo yote mawili. Wanafunzi walitoka na lile moja tu. Na tangu shingo ile itengenezwe walikwishahitimu wengi, wakatawanyika kwenye vituo ambako mkunga yuko peke yake na hakuna mwalimu wa kumwambia nipishe.

Mkuu wa chuo alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wakaguzi mlangoni na paa linalovuja.

"Mtoto amepona?" aliuliza.

"Amepona."

"Basi tushukuru. Huyo mdoli asiguswe tena. Nitatafuta mwingine hata kwa kuombaomba. Waliomaliza tutawatumia ujumbe kwenye kikundi chao cha simu."

Ujumbe aliuandika mwenyewe, na ulikuwa mzuri kama risala: wahitimu wapendwa, kufuatia maboresho ya mafunzo, mnakumbushwa mkao sahihi wa kichwa cha mtoto mchanga wakati wa kumsaidia kupumua. Majibu yalimiminika. Maua. Vidole gumba. Mmoja aliandika, "Tumewamiss sana walimu wetu." Mwingine akauliza cheti chake kitatoka lini. Mama Midoli alisoma yote, akageuza simu kifudifudi. Hakuna hata mmoja aliyeelewa kwamba anaambiwa mikono yake ni ya hatari.

Kesho yake alirudi kwa Mkuu. "Nitawapigia mmoja mmoja. Niwaambie waziwazi."

Mkuu alivua miwani. "Ukiwaambia waziwazi, dada yangu, kuna atakayeuliza: na yule mtoto wangu aliyekufa mikononi? Atakwenda kwa nani? Atakuja kwetu. Na wakaguzi wakilisikia, chumba chako kitafungwa, na wewe sitakuwa na pa kukukingia. Nakwambia kama rafiki."

"Nimekusikia."

"Na wengine huenda wamejirekebisha wenyewe kazini."

"Huenda," alisema Mama Midoli. Alitamani sana liwe kweli. Ndiyo maana hakuliamini.

Jioni ile alimweleza mumewe. Alijaribu kulipitisha kwa upole, lakini jambo lile halikuwa na upole. Mzee aliacha kushona. Aliitazama mikono yake, akaiweka mapajani, akaonekana mzee ghafla.

"Kumbe niliikaza mno," alisema.

"Wewe uliambiwa utengeneze shingo, ukatengeneza. Hukuwahi kuambiwa watu watajifunza nini juu yake. Nilitakiwa nijue mimi."

"Ungeniambia ni ngumu, ningeilegeza. Kazi ya nusu saa."

"Sikuhisi kuwa ni ngumu, Baba. Ndilo jambo lenyewe. Niliizoea."

Mzee aliweka sindano yake mezani. Alivuta kiti chake karibu na cha mkewe, akamsogezea simu. "Piga," alisema. "Mimi nipo."

Akapiga. Wa kwanza alikuwa kwenye foleni ya benki, akasema, "Mwalimu, kumbe! Ndiyo maana!" akasema ataacha foleni aende akamwonyeshe mwenzake wa zamu. Wa pili alikuwa amehamia wodi ya macho, akashukuru, akataka kupiga soga. Mmoja alikasirika, akamuuliza kama anajua anamwambia nini mtu saa hiyo anapotaka kuingia kazini, akakata. Mama Midoli alingoja kidogo, akampigia tena, akamweleza mpaka mwisho. Wengine wawili waliapa kwamba wao siku zote huweka kichwa sawa. Aliwaomba wamweleze wanawekaje, kwa maneno, na wote wawili wakaeleza shingo ya Kitinda. Kila alipomaliza na mmoja, kifua kilimpungua uzito kidogo, kisha kikajaa tena kwa ajili ya anayefuata.

Aliyebaki mwisho alikuwa mkunga wa zahanati moja mbali, ng'ambo ya mto, aliyekuwa darasani mbishi na mwenye maswali mengi. Simu yake iliita sana. Alipopokea, alipokea kwa furaha.

"Mwalimu wangu! Leo jua limetokea wapi?"

Mama Midoli hakuzunguka. Aliwaeleza wengine wote kwa maneno yaleyale, na huyu akamweleza hivyohivyo: shingo ilivunjika, ikatengenezwa ngumu, ikawafundisha kuvuta kichwa nyuma, na kwa mtoto halisi kuvuta hivyo kunaziba njia. Kitambaa chini ya mabega, uso utazame juu, kidevu kiinuke kidogo tu. Alipomaliza, alibana simu sikioni.

"Upo?"

"Nipo." Furaha ilikuwa imekwisha sautini. "Mwalimu, unakumbuka siku yangu ya kwanza na Kitinda?"

"Mlikuwa wengi, mama."

"Mimi niliweka kichwa kama kwenye picha. Kifua hakikuinuka. Ukasema umeua, rudia. Nikaweka tena kama kwenye picha, ukasema rudia. Nikakwambia, lakini Mwalimu, picha inasema hivi. Wenzangu wakacheka. Ukaniambia niachane na picha, nitazame kifua. Nikarudia mpaka nikaweza."

Mama Midoli alifunga macho. Hakuikumbuka. Ilikuwa siku kama siku nyingine zote.

"Nilikuwa na mmoja hapa," sauti ikaendelea. "Mvulana. Nilihangaika naye mpaka mikono ikafa ganzi. Nilikirudisha kile kichwa nyuma, Mwalimu, nikakirudisha tena. Nilisema nisikate tamaa."

"Huenda asingepona hata ungefanya vipi. Wako ambao hawaponi. Hilo pia ni kweli, nami sikudanganyi."

"Najua. Lakini mama yake ni jirani yangu. Kila nikipita ananisalimia. Ananiambia, asante dada, najua ulimpigania mwanangu. Jana kaniletea mboga za bustani yake." Akavuta pumzi. "Sasa kesho nikipita nitamwambia nini?"

Mzee alikuwa ameinua uso kutoka kwenye kiatu, anamtazama mkewe. Mama Midoli alijua maneno ambayo Mkuu angetaka ayaseme, na alijua maneno ya huruma ambayo yangeiachia simu ile ikatike kwa amani. Yote yalikuwa mdomoni tayari.

"Usimwambie kitu," alisema. "Nielekeze njia ya kufika huko. Nitakuja nimwambie mimi."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia kwamba wewe ulijua. Ulijua tangu siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyekuambia urudie, urudie, mpaka ukasahau."

Kule upande wa pili mkunga alianza kulia, na Mama Midoli hakukata simu.